Gofu ya Vumbi, Dodoma

Mume wangu alipohamishiwa Dodoma kikazi, aliondoka na begi dogo la nguo na begi kubwa la fimbo za gofu. Mimi nikabaki Dar na kazi yangu. "Tutaonana wikiendi," tukaambiana. Si unazijua ahadi za namna hiyo?

Bahati nzuri SGR ilianza safari za Dodoma mwaka 2024, nikawa abiria wa kila Ijumaa. Tatizo lilikuwa mwenyeji wangu. Kila nikifika, wimbo ni uleule: "Mji gani huu, vumbi tupu! Mtu utacheza gofu wapi?" Nikaanza kujiuliza, hivi huyu anakosa gofu au ananikosa mimi?

Jumamosi moja tukala nyama choma mnada wa Msalato, kisha tukashika njia ya Ihumwa kwenda Hombolo. Kama hujafika, Ugogo ndio huo: mibuyu, mawe makubwa kama yamepangwa kwa mkono, mashamba ya zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, na mbingu isiyo na ukuta. Njiani akanisimulia habari za shujaa wake, Seve Ballesteros. Mhispania huyo alijifunza gofu utotoni kwenye mchanga wa ufukwe wa kwao Pedreña, kwa fimbo moja tu, namba 3. Mwaka 1978, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, akaja hapo jirani Nairobi na kuchukua Kenya Open pale Muthaiga. Mwaka huohuo akashinda pia Marekani, Ulaya na Japan. Mwaka 1979 akatwaa The Open ya Uingereza.

"Sasa huko ufukweni kulikuwa na majani?" nikamuuliza.

Kimya. Kisha akacheka, akapaki kando ya uwanda mtupu, akatoa fimbo moja kwenye buti. Akachagua mbuyu wa mbali: hilo ndilo shimo letu.

Mpira wangu wa kwanza haukutoka. Nililima ardhi tu, vumbi hadi kwenye kope. Wa tatu ukaruka, na watoto waliokuwa wakichunga mbuzi wakapiga makofi.

Jua likizama, akaniambia lililokuwa moyoni: "Niliogopa. Nikisema hapa napapenda, utadhani nimeshazoea kuishi bila wewe."

Miezi yote ile, kumbe lawama zilikuwa ni njia yake ya kusema njoo!

Jumapili sikuondoka. Nilipanda treni Jumatatu, na kichwani nilishaanza kuandika barua ya kuomba uhamisho.

Wewe na mwenzio mkija, njooni kiangazi, Juni hadi Oktoba. Bebeni maji, na sweta la jioni. Pigeni pasipo na watu wala mifugo. Fimbo moja inatosha.