Mali Bila Daftari

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huambiwa mwenye duka. Lakini mimi naona, msomaji, kuwa yamfaa mchoraji zaidi, kwa kuwa sukari ikipotea hununuliwa nyingine, bali picha ikipotea haina ya pili yake.

Mfano tunao Nairobi. Mwaka 1965 Elimo Njau na wenzake walifungua nyumba ya sanaa wakaiita Paa ya Paa, yaani mnyama paa anapaa juu. Wasanii wengi wa Afrika Mashariki walipata ukumbi hapo wakati kumbi za namna hiyo zilipokuwa chache. Mwaka 1997 moto ulizuka katika nyumba hiyo, na kazi nyingi zikateketea. Kazi iliyoteketea hali imekwisha kupigwa picha na kuandikwa hubakiwa na kivuli chake. Ile isiyoandikwa hufa mara mbili, kwanza mwili, kisha jina.

Leo dawa ya msiba huu imo mikononi mwa vijana. Wanafunzi waweza kuziendea karakana za wasanii walio hai, wakapiga picha kazi zao, na kuziweka katika hifadhi ya kidijitali ambayo mtu wa Lodwar aweza kuitazama sawa na mtu wa Nairobi. Lakini usidhani kuwa kubonyeza kamera ndiyo kazi yenyewe. Yapasa kuuliza: Nani aliichora? Mwaka gani? Kwa rangi gani, na juu ya kitu gani? Vipimo vyake ni vipi? Sasa iko kwa nani? Picha isiyo na majibu haya ni kama mtoto aliyeokotwa njiani: yu hai, lakini ukoo wake haujulikani.

Nimepata kuandamana na wanafunzi katika kazi hii. Siku moja binti mmoja alimwuliza mzee mchoraji kwa nini ng'ombe wake alikuwa wa buluu. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akajibu kuwa mwaka ule hakuwa na fedha za kununua rangi nyingine. Watazamaji walikuwa wamekwisha kuipa buluu ile maana nyingi za huzuni na za mbingu! Jibu lile lisingeonekana katika picha hata ingalipigwa kwa kamera bora kuliko zote, na kama lisingaliandikwa, lingezikwa pamoja na mwenyewe.

Yako masharti mawili. La kwanza ni ruhusa. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mchoraji katika kazi yake hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Basi mwenye kamera na aombe kwanza. La pili ni nakala. Kompyuta nayo huungua na huibiwa. Kwa hiyo nakala ziwe tatu, na moja ikae mbali na zile mbili.

Nawe, msomaji, huenda jirani yako ni mfinyanzi, au mchongaji, au mchoraji wa matatu ambaye kazi yake hufutwa kila gari lipakwapo rangi mpya. Mwendee na kalamu pamoja na kamera. Usingoje kumsifu matangani, maana maiti hajibu maswali.