Maji Husomwa Ukiwa Nchi Kavu

Nimezaliwa Kilwa, ambako watoto wengi hujua kupiga kasia kabla ya kujua kusoma. Lakini maji yetu ni ya kupwa na kujaa. Yana ratiba yake, na mwenye subira huyaelewa. Ndiyo maana nilipofika Jinja, Uganda, miaka michache iliyopita, nikauona Mto Nile ukichemka juu ya miamba, nilitambua kwamba ujuzi wangu wa utotoni haukunifaa kitu.

Tulikuwa tuingie wawili katika kayaki, ule mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu: mimi mbele, kiongozi wangu nyuma. Kabla ya yote alinipandisha juu ya mwamba, tukautazama mto kwa muda mrefu. Alinionyesha ulimi wa maji laini unaopenya katikati ya povu, na pale mkondo unapojikunja na kurudi nyuma, mahali pa kupumzikia. Kisha akaninyooshea kidole kwenye shimo la povu ambalo humzungusha mtu na kukataa kumwachia. “Mwalimu,” aliniambia, “maji husomwa ukiwa nchi kavu. Ukishaingia, muda wa kusoma umekwisha.”

Tulipinduka mara moja, nikanywa maji ya kutosha, tukafika chini salama. Jioni, tukikausha nguo, alinieleza kwamba maporomoko ya Bujagali, alikojifunzia kazi yake, yalimezwa na bwawa la umeme mwaka 2011. Bwawa la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, likafunika mengine. Hakuulaani umeme, nyumbani kwake taa zinawaka. Alichosikitikia ni kwamba mto ulipopangiwa matumizi mapya, watu walioujua kwa mikono yao walikuwa wa mwisho kuambiwa.

Maneno hayo yalinirudisha nyumbani, kwa aibu. Rufiji humwaga maji yake baharini kaskazini kidogo tu ya Kilwa. Ulipoanza ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere mwaka 2019, nililitetea darasani kwa nguvu zote. Niliandika ubaoni: megawati 2,115. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Rufiji, alinyoosha mkono akauliza: “Dokta, ndani ya lile korongo kuna nini?” Nilimjibu kwa kurudia idadi ya megawati. Ukweli ni kwamba sikuwahi kufika huko. Nilikuwa nikilijua korongo kwa jina la Stiegler, mgeni anayesimuliwa kuuawa na tembo hapo mwaka 1907, na si kwa jina wala simulizi ya wenyeji.

Na simulizi zipo. Bibi yangu alitoka Umatumbi, huko huko wilayani Kilwa. Ni Wamatumbi wa Nandete waliong'oa miche ya pamba ya Mjerumani Julai 1905 na kuanzisha Vita vya Majimaji. Dawa yao, ile ya Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, ilikuwa maji, katika nchi iliyo jirani na bonde la Rufiji. Haikuzuia risasi, lakini iliwaunganisha watu ambao mtawala aliamini hawawezi kuungana. Mto huo ulikuwa siasa kabla haujawa umeme.

Desemba 2022 maji yalianza kujazwa bwawani. Korongo ambalo sikuwahi kulisoma sasa limo chini ya maji, na swali la mwanafunzi wangu nimebaki nalo.

Sisemi bwawa lisingejengwa. Nimefundisha gizani, najua thamani ya taa. Ninachosema ni kwamba tuliingia mtoni kabla ya kusimama juu ya mwamba pamoja. Aprili 2024 mafuriko yalipoyafunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, wapo wananchi waliolilaumu bwawa. Serikali ikaeleza kuwa chanzo ni mvua kubwa. Mabishano hayo hayakuhitaji kuwa ya imani. Yalihitaji takwimu ambazo mkulima wa Mohoro angeweza kuzisoma mwenyewe: maji kiasi gani yameingia, kiasi gani yamefunguliwa, na lini.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma, ombi langu ni dogo. Taarifa za kufungulia maji zibandikwe kwenye ofisi za vijiji, kwa Kiswahili chepesi, kabla ya masika na si baada ya maafa. Mjulisheni pia mvuvi wa delta ni maji kiasi gani mto utaachiwa wakati wa kiangazi, maana mikoko na kamba wake huishi kwa maji hayo.

Wanafunzi wangu nao, mkimsikia mhadhiri akijibu swali kwa kurudia tarakimu, nyoosheni mkono tena. Mimi nilihitaji kuulizwa mara ya pili, na hakuna aliyethubutu.