Sema Jambo Lenyewe, Mama

Kosa lenyewe halikuchukua hata nusu dakika, nami nililifanya kwa simu.

Nilikuwa Edinburgh, nasomea shahada ya uzamili. Insha yangu ya kwanza ilirudi na swali pembeni: jibu lako liko ukurasa wa nne, kwa nini umelificha? Sikuwa nimeficha kitu. Nilikuwa nabisha hodi. Ila nilijifunza upesi: jibu juu, sababu chini, salio futa. Alama zikapanda, kichwa kikavimba. Mwalimu Nyerere alisoma mji huohuo, 1949 hadi 1952, na bado hotuba zake zilipita kwenye utani na visa kabla ya kugusa panapouma. Nilizisikia redioni tangu utoto, sikuziweka hesabuni.

Basi Mama akapiga kutoka Upanga, Dar es Salaam. Nimekula? Baridi vipi huko? Shangazi wa Kariakoo ananisalimia, jirani wa ghorofa ya pili kapata mjukuu, mvua imejaza maji Jangwani. Nikamkatiza.

"Mama, nina kazi ya kukusanya leo. Sema jambo lenyewe."

Kimya. Kisha: "Hamna neno, mwanangu. Soma."

Aliyekulia kwetu angeshtuka papo hapo. Kwetu hata aliyefiwa huambiwa "mgonjwa kazidiwa, njoo", na safari ya basi ndiyo inayommalizia habari. Mama alikuwa ananishusha ngazi moja moja, mkono kanishika. Mimi nikamwambia aruke.

Siku tisa baadaye binamu yangu, anayeuza vitenge Mtaa wa Congo, akanitumia ujumbe: pole na Baba. Kumbe Baba alikuwa amepigwa kiharusi usiku wa kuamkia siku ya simu ile, amelazwa Muhimbili, jengo la Mwaisela. Mama alikuwa anakwenda kwa miguu asubuhi na jioni, chupa ya uji kwapani; kutoka nyumbani si mbali.

Ningependa kuandika kwamba siku hiyo nilimwomba radhi. Sikumwomba. Nilimpigia nikamuuliza kwa ukali: kwa nini umenificha? Neno lilelile la pembeni ya insha.

Baba sasa anaongea, polepole, kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi nimerudi, naishi Tabata. Mama hunipigia jioni.

"Baba mzima. Maji yamekatika. Kesho lete dawa zake."

Nikifikia kusema shikamoo, ameshakata.