Ikola Moja, Mikoa Mitatu

Baba alizaliwa Ikola, Jimbo la Magharibi. Mimi nilizaliwa Ikola, Mkoa wa Tabora. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa Ikola, Mkoa wa Rukwa, na mwanawe Ikola, Mkoa wa Katavi. Hakuna hata mmoja wetu aliyehama mkoa. Vitovu vyetu vyote vimezikwa mwambao uleule wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Karema.

Nilipokuwa mdogo hatukuwa na kijiji cha kuwekewa kibao. Ikola lilikuwa jina la eneo, na ndani yake kila ukoo ulikuwa na pake: kwa fulani, miembeni, kule kwenye michikichi ya babu. Wabende wa kwetu hawakupenda kubanana. Nyumba mbili tatu, muhogo nyuma yake, kisha kichaka, ndipo umfikie jirani. Mgeni akiuliza njia, alielekezwa kwa majina ya watu, wengine walishakufa zamani.

Halafu ikaja 1974. Novemba ya mwaka uliotangulia Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na ifikapo 1976 kila mkulima awe amehamia. Watu wazima walizungumzia Operesheni. Mimi nakumbuka muhogo. Muhogo haubebeki ukiwa ardhini. Mama alibeba vyungu na mbegu za mahindi, baba akang'oa milango na nguzo zilizofaa, lakini shamba zima tuliliacha limesimama. Miezi mingi baadaye tulikuwa tukirudi alfajiri kuchimba chakula chetu wenyewe kama wezi, huku ngedere wameshatutangulia. Michikichi nayo haihami. Mpaka leo mahame yetu unayatambua kwa michikichi na miembe iliyosimama porini bila mwenyewe.

Bibi hakushangaa, alichoka tu. Aliwahi kusimuliwa na wazazi wake jinsi Waingereza, miaka ya 1920 na 1930, walivyowakusanya watu wa magharibi ya Tanganyika katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Kwake serikali ni kitu kinachokuja kila baada ya muda kukwambia usogee karibu na jirani yako. Sidhani kama alikosea sana, ingawa shule na dawa tulivipata kwa kusogea huko.

Sheria ya 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250 ndipo kiandikishwe. Hapo ndipo majina yalipochujwa. Lililobahatika kuingia kwenye daftari likawa kijiji, na mengine yakashuka kuwa vitongoji, au yakabaki midomoni mwa wazee. Pa babu hapakuingia. Watoto wangu wakisikia pakitajwa, wanadhani ni jina la mtu.

Kanisa nalo halikutulia. Karema, ambako baba alibatizwa, ilianza kama kituo cha Wabelgiji mwaka 1879, ikakabidhiwa Wamisionari wa Afrika mwaka 1885, ikakua hadi kuwa jimbo. Mwaka 1969 jimbo likaitwa Sumbawanga, na mwaka 2000 sisi tukawa chini ya jimbo jipya la Mpanda. Hata meli! Ile iliyopiga honi usiku, abiria wakashushwa kwenye mitumbwi mbele ya Ikola, iliundwa Papenburg kwa jina la gavana wa Kijerumani, Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916. Waingereza wakaiopoa 1924, na ilipoanza tena kazi 1927 ilikuwa Liemba. Tulikimbilia ufukweni kuzitazama taa zake, na hakuna aliyejali iliitwaje kwao.

Rukwa iliundwa 1974, mwaka uleule tuliohamishwa. Katavi ikaja 2012. Halafu wilaya yetu, iliyokuwa Mpanda, ikaitwa Tanganyika, jina la nchi nzima tuliyozaliwa nayo.

Nilikwenda na baba kujiandikisha vitambulisho. Karani kijana alitazama cheti changu akasema hapana mzee, Ikola haipo Tabora. Nikamwambia aandike Katavi, nikatia sahihi, yakaisha. Ikafika zamu ya baba.

"Mkoa wa kuzaliwa, babu?"

"Jimbo la Magharibi."

"Halipo kwenye orodha."

"Basi mimi sikuzaliwa."

Walibishana mpaka ofisi ikafungwa kwa chakula cha mchana.