Nilivyopika aviyal ya Onam

Wiki hii tuweke kando habari za seva na kanzidata. Leo nawaandikia habari ya chakula, na msiwe na shaka, kabla sijamaliza tutakuwa tumerudi kwenye kazi yetu ya kuandika programu.

Mwaka 2025 nilikaa miezi kadhaa Thiruvananthapuram, mji mkuu wa jimbo la Kerala, kusini kabisa mwa India. Huko ndiko iliko Technopark, eneo la kampuni za teknolojia lililoanzishwa mwaka 1990, nami nilikuwa nikifanya kazi na timu moja huko. Nilipanga chumba nyumbani kwa mama mmoja mjane, mwalimu mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Amma, yaani mama, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita mone, mwanangu.

Onam ndiyo sikukuu kubwa ya Kerala. Husimuliwa kwamba mfalme wao wa kale, Mahabali, ambaye enzi yake haikuwa na njaa wala udanganyifu, hurudi mara moja kwa mwaka kuwatazama watu wake. Kwa siku kumi watu hupanga maua mbele ya nyumba zao. Siku ya kilele huitwa Thiruvonam, na mwaka huo iliangukia Ijumaa, 5 Septemba. Mchana wa siku hiyo huliwa sadya: wali na vyakula vingine vingi, mara nyingi zaidi ya 20, vyote vimepangwa juu ya jani la mgomba, na kwa desturi ya kusini hakuna nyama wala samaki. Wana methali isemayo kwamba hata ikibidi kuuza mali, Onam lazima iliwe.

Sasa, mwezi wa Julai Amma aliteleza uani akavunjika mkono wa kulia. Kufikia Septemba plasta ilikuwa imetolewa, lakini hakuweza kushika kisu wala kukuna nazi. Na mwaka huo ndio mwanawe anayefanya kazi Dubai alikuwa anakuja na mkewe na binti yao wa miaka tisa, baada ya kukosa Onam nne mfululizo. Sisi wa Kilifi hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Kwetu pia hukosi nyumba yenye mtoto aliye Ghuba.

Majirani walimshauri aagize sadya nzima kwa wapishi wa kulipwa, kama wafanyavyo watu wengi wa mjini siku hizi. Akakubali vyote ila kimoja. "Aviyal itapikwa hapa hapa," akasema. "Mwanangu hawezi kusafiri kutoka Dubai aje ale aviyal ya mtu mwingine nami niko hai." Kisha akanitazama. "Wewe ni mtu wa pwani, mone. Nazi unaijua."

Aviyal ni mboga nyingi zilizopikwa pamoja kwa nazi na mtindi. Haina mchuzi wa kumwagika, ni nzito. Hadithi moja husema aliyeibuni ni Bhima, yule shujaa wa Mahabharata, alipojificha kama mpishi katika jikoni la mfalme Virata. Mboga zetu zilikuwa chena, ambacho ni kiazi kikubwa chenye ngozi kama ya tembo, ndizi mbichi, karoti, maharagwe mabichi marefu, matunda ya mlonge, na boga la kijivu lenye nyama nyeupe iliyojaa maji. Tulizinunua soko la Chalai siku moja kabla, siku ambayo mji mzima hukimbizana kununua vitu, hata mkimbio huo una jina lake.

Usiku ule nilifungua tarakilishi nikaweka na mzani wa kidijitali mezani. Nilitaka kuiandika aviyal ya Amma, maana haikuwa imeandikwa popote.

"Chena gramu ngapi, Amma?"

"Ya kutosha."

"Inachemka dakika ngapi?"

"Mpaka iive."

Kila mwandishi wa programu aliyewahi kuketi na mteja anayajua majibu haya. Basi nikamuuliza swali jingine: "Unajuaje kwamba imeiva?" Hapo Amma alifunguka, nami nikaandika mpaka saa sita usiku.

Chena imeiva ukucha ukizama bila kusukumwa. Boga limeiva likianza kupitisha mwanga kama kioo. Nazi husagwa pamoja na bizari nyembamba, pilipili mbichi na vitunguu vidogo vyekundu, lakini isilainike. Ukiifinya vidoleni usikie bado chembe zake. Mtindi huingia moto ukiwa umepunguzwa, la sivyo hukatika. Maji ni kidogo sana, kwa sababu boga litatoa yake. Na hakuna kukoroga kwa mwiko: unageuza taratibu kwa mpini wake, mboga zisivunjike.

Cha ajabu zaidi kwangu kilikuwa kisu. Mboga zote hukatwa vipande vyembamba vya urefu wa kidole, na nilidhani ni kwa ajili ya uzuri tu. Kumbe ndio mpangilio wenyewe wa kazi! Chena ni ngumu, boga ni laini, na zote zinatakiwa ziive kwa wakati mmoja katika sufuria moja. Kwa hiyo ngumu hutangulia chini, laini hufuata juu, na tofauti inayobaki unaisawazisha kwa unene wa kipande. Sisi huandika mistari mingi ya msimbo ili kazi tofauti zimalizike pamoja. Amma alifanya hivyo kwa kisu.

Alfajiri ya Ijumaa nilikaa juu ya chirava nikakuna nazi tano. Chirava ni mbuzi yetu ile ile, kibao cha kukalia chenye chuma cha meno mbele. Amma alinitazama nikikuna, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jirani mmoja alipita akashauri tuchanganye mafuta ya nazi na mafuta mengine, kwa kuwa mwaka huo bei ya mafuta ya nazi ilikuwa imepanda mno Kerala. Amma hakumjibu. Chupa aliyokuwa ameinunua aliiweka kwa ajili ya aviyal peke yake.

Sasa sikilizeni jambo lililonitoa jasho. Katika nyumba ile chakula cha sikukuu hakionjwi mpaka sehemu ya kwanza iwekwe kwenye jani mbele ya taa iliyowashwa. Hakuna kuonja chumvi, hakuna kuonja ukali wa mtindi. Ni kama kupeleka programu kwa wateja bila jaribio hata moja! Nilichokuwa nacho ni macho, pua, na yale niliyoandika usiku. Nilifuata mstari kwa mstari. Mwisho nikazima moto, nikamimina mafuta mabichi ya nazi na yale majani madogo ya mchuzi yenye harufu kali, nikafunika. Amma akainamia mfuniko, akanusa mvuke uliopenya pembeni, akasema, "Acha."

Mchana tukaketi sakafuni, majani yamepangwa mbele yetu, ncha nyembamba ikielekea kushoto. Mwanawe alianza na wali na dengu, kisha akagusa aviyal. Akatafuna polepole. Akaomba aongezwe. Halafu akamgeukia mama yake akamwambia neno kwa Kimalayalam, na binti yake akanitafsiria:

"Baba anauliza, mkono wa bibi umepona lini?"

Amma akanyoosha kidevu upande wangu. Sikumbuki kama niliendelea kula.

Jioni mtoto yule aliomba yale maandishi, nikamtumia. Amma akamfanya ayasome kwa sauti, akisahihisha neno hapa na pale.

Sasa turudi kwenye kazi yetu, kama nilivyosema. Mkipewa kazi ya kuandika maelezo ya mfumo ambao mjuzi wake anastaafu, msimuulize namba tu. Seva hubadilika kama chena inavyobadilika kutoka shamba hadi shamba. Muulizeni anajuaje kwamba mambo yako sawa, na anajuaje kwamba yanaanza kuharibika. Majibu hayo yatamfaa hata mtu ambaye hatawahi kumwona.

Na mkitaka kujaribu aviyal hapa Kenya, nduma hushika vizuri nafasi ya chena. Ndizi mbichi, karoti na maharagwe mabichi yako kila soko. Mafuta ya nazi msiyabadilishe, Amma asije akasikia.

Tuonane wiki ijayo.