Minyaa ya Ikungi: Uzuri Wake na Maziwa Yake

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Singida, akishapita Bahi, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, akafika Manyoni, kisha akashika njia ya kaskazini hadi Ikungi. Mji huu mdogo ndio makao makuu ya Wilaya ya Ikungi, iliyoanzishwa mwaka 2012 kutoka iliyokuwa Singida Vijijini. Ni nchi ya Wanyaturu, nchi ya mtama, uwele, alizeti, asali na kuku wa kienyeji. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Tulipofika mwezi Julai mashamba yalikuwa yamekwisha kuvunwa, na upepo wa kipupwe ulivuma tangu asubuhi. Katika vumbi lile, kilichobaki kijani kila tulikotazama kilikuwa minyaa.

Wasomaji wetu wengi wanaufahamu mti huu. Matawi yake ni ya mviringo, membamba kama penseli, na majani yake ni madogo sana, tena hupukutika mapema. Wataalamu huuita Euphorbia tirucalli, jina lililotolewa na Linnaeus mwaka 1753 kwa kufuata jina la wenyeji wa Malabar, India. Hata hivyo asili yake ni Afrika. Wamasai huuita emanyara, na ndiko lilikotoka jina la Ziwa Manyara, na baadaye Mkoa wa Manyara.

Huko Ikungi mnyaa ni ukuta wa maskini na wa tajiri. Haununuliwi; jirani hukukatia matawi, ukayachomeka mstari, na baada ya miaka michache una ua usiopitika. Ng'ombe na mbuzi hawaupendi, na kiangazi cha miezi saba hakiuui. Siri yake ni kwamba kazi ya majani hufanywa na matawi. Matawi hayo hufungua vitundu vyake vya kuvutia hewa wakati wa usiku, jua likiwa limezama, hivyo maji hayapotei ovyo. Ndiyo maana katika mikoa ya kati utakuta duara la minyaa porini, nyumba ilishaanguka zamani na wenyewe wamehama, lakini ua ungali umesimama.

Katika nyumba moja tuliyokaribishwa, mbele ya mlango palikuwa na chungu kilichopandwa kichaka cha rangi ya machungwa na nyekundu, kana kwamba kimewashwa moto. Tulidhani ni ua la kigeni. Mama mwenye nyumba akacheka. "Dada zangu, huu ni ule ule wa kule uani, umevaa kitenge tu."

Alisema kweli. Mnyaa wa rangi ni ndugu wa mnyaa wa kijani, ila umepungukiwa na rangi ile ya kijani ya mimea. Kwa sababu hiyo hukua polepole na haurefuki sana. Siku hizi unapendwa sana katika bustani za nchi kavu kama California, huko Marekani. Rangi yake hukolea wakati wa baridi na hufifia wakati wa joto. Ukiuweka kivulini hurudia umanjano na ukijani. Kwa hiyo baridi ya Juni na Julai pamoja na jua kali la Ikungi ndivyo vinavyoupamba.

Anayetaka kuupanda afanye hivi. Kata tawi la urefu wa shibiri moja mwezi wa Septemba au Oktoba, joto linapoanza. Chovya sehemu iliyokatwa katika maji ili maziwa yaache kutoka, kisha liache kivulini siku 7 hadi 10 kidonda kikauke. Tayarisha chungu au kopo lenye matundu chini, utie mchanga sehemu mbili na udongo wa shamba sehemu moja. Chomeka tawi, mwagilia kidogo, uliweke juani. Baadaye maji mara moja kwa wiki mbili yanatosha, na wakati wa mvua usimwagilie kabisa. Mnyaa huuawa na maji mengi kuliko kiu.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya. Mnyaa wowote, wa kijani au wa rangi, ukivunjika hutoa maziwa meupe yaliyo makali. Yakiingia jichoni huunguza. Maumivu huweza kuanza polepole na kuzidi baada ya saa kadhaa, jicho likavimba na kuona ukungu. Likitibiwa mapema kwa kawaida hupona. Likipuuzwa laweza kubaki na kovu au kupofuka.

Watoto wa Ikungi wanaujua mnyaa wa uani, kwa kuwa wameonywa tangu walipoanza kutambaa. Lakini mnyaa ukiingia ndani ya chungu na kuvaa rangi, sisi watu wazima ndio tunaosahau. Tunauweka mlangoni, kwenye kimo cha mtoto wa miaka miwili, naye huvutwa na chochote chekundu. Mama yule alikuwa ameinua chungu chake juu ya ukuta mfupi wa matofali, mahali ambapo mjukuu hafiki. Na anapopogoa husimama upande unakotoka upepo, amevaa mikono mirefu na glavu, akiwa ameziba macho kwa miwani. Matawi yaliyokatwa huyafukia. Hayachomi wala hayapeleki jikoni, kwa sababu hata moshi wake hudhuru macho.

Maziwa yakimpata mtoto jichoni, usimwache alifikiche. Mwinamishe kichwa upande, ummiminie maji safi mfululizo kwa dakika 15 au zaidi, ukilifungua jicho kwa vidole vilivyonawa. Usitie maziwa ya mama, asali wala dawa ya miti. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ameacha kulia. Yakigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji mengi.

Tunawasihi pia akina mama wasitumie utomvu huu kama dawa ya kunywa au kupaka vidonda. Tangu Daktari Denis Burkitt alipoeleza mwaka 1958 juu ya saratani ya taya aliyoiona kwa watoto nchini Uganda, wanasayansi wamechunguza mambo mengi yanayoambatana nayo, hasa virusi vya Epstein-Barr na malaria, na mnyaa umo katika orodha ya vitu vinavyochunguzwa. Hiyo haina maana kwamba kuishi ndani ya ua wa minyaa huleta saratani. Ila ni sababu ya kutosha ya kuuacha uwe ua, usiwe dawa.

Basi, mpendwa msomaji, ukipewa tawi la mnyaa wa rangi, lipokee kwa furaha. Kabla ya kutafuta chungu, tafuta kwanza mahali pa juu pa kukiweka. Halafu uwaite watoto wote wa nyumba, wauone mmea, uwaambie jina lake, na uwaonyeshe tone moja la maziwa yake kwa mbali.