Ukivuka mpaka na mtoto, usifiche homa yake

Tulitoka Kayanga, Karagwe, alfajiri, ukungu ukiwa bado mabondeni. Shemeji alikuwa kwenye usukani, dada kando yake, mimi nyuma na watoto wao wawili, wa miaka sita na mitatu. Mpango ulikuwa kupita Kyerwa, kuvukia Murongo kuingia Uganda, kulala Mbarara kwa ndugu, kisha kupitia Kabale hadi Kigali, na kurudi kwa njia ya Rusumo.

Shemeji alikuwa amejiandaa: tairi la akiba, kadi ya gari na bima ya kuvuka mipaka, ile ambayo madereva huiita kadi ya njano. Dada naye alibeba hati ya kusafiria ya kila mtoto, pamoja na kadi nyingine za njano, za chanjo ya homa ya manjano. Wazazi wengi hukumbuka ya gari na kusahau ya mtoto. Chanjo hii haimo katika ratiba ya kawaida ya kliniki hapa nchini. Mtoto huweza kuipata akifikisha miezi 9, na cheti hutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usisubiri wiki ya safari. Dozi moja inatosha maisha yote.

Tulipopita Nkwenda, yule mdogo aliacha kuimba. Nilimgusa shingoni, alikuwa wa moto. Ng'ombe wenye pembe ndefu walikatiza barabara mbele yetu, lakini hakuinua kichwa kuwatazama.

Dada aligeuka. "Mpe panado, mdogo wangu. Tukifika Murongo joto litakuwa limeshuka, hawatatuuliza kitu."

Niliielewa hofu yake. Mkoa wetu wa Kagera umepata mlipuko wa Marburg mara mbili, mwaka 2023 na tena 2025 kule Biharamulo. Mtoto mwenye homa akitokea huku, lazima aulizwe. Ndugu walikuwa wanatusubiri Mbarara, na tungeweza kurudishwa.

Dawa nilimpa, kwa kuwa alikuwa anateseka. Lakini nilimwambia dada kwamba mpakani tutasema. Hakunijibu mpaka tulipofika.

Afisa wa afya alitusikiliza, akauliza homa imeanza lini na dawa tumempa saa ngapi, kisha akatuelekeza kituo cha afya kabla ya kuvuka. Kipimo cha damu kilionyesha malaria. Mtoto alimeza dozi ya kwanza ya dawa mseto palepale, nasi tukalala Kyerwa. Kesho yake mchana alidai chapati, tukavuka.

Panado hushusha joto, haiui vimelea. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, malaria isiyotibiwa inaweza kuwa kali ndani ya siku moja. Tungefaulu kumdanganya yule afisa, huenda degedege lingetukuta usiku ugenini. Tena Marburg nayo huanza kwa homa, kichwa na uchovu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, ni kipimo tu.

Mambo mawili mengine tuliyajifunza Rwanda. Kwanza, saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na simu hujibadilisha yenyewe. Dawa mseto huhitaji nafasi sahihi kati ya dozi, hivyo andika kwenye karatasi muda wa kila dozi kwa saa za nyumbani. Pili, Rwanda magari hupita kulia. Kwa gari letu la usukani wa kulia, mlango wa kushoto ambao watoto wamezoea kushukia hufungukia katikati ya barabara. Ufunge, washuke kulia.

Na mkoba wa mtoto ukae mlipokaa ninyi, usiwekwe buti: kipimajoto, panado ya maji, ORS, maji safi, chandarua na kadi ya kliniki.

Tuliporudi kupitia Rusumo, kabla ya yeyote kuuliza, dada alitoa karatasi ya kipimo. "Huyu alikuwa na malaria," alisema. "Dozi ameimaliza Kigali."

Yule afisa alimpima joto, akampungia mkono, tukapita.